Mzimu Uliodai Kaburi Lake: Hadithi ya Kale ya Misri Iliyookotwa Vigaeni

Miongoni mwa hadithi za mizimu zilizoandikwa katika bara la Afrika, ile ya kuhani mkuu Khonsuemheb na marehemu aliyeitwa Nebusemekh ni mojawapo ya zilizo kongwe kabisa ambazo maneno yake bado yanasomeka, kwani nakala zilizosalia ziliandikwa Misri katika zama za wafalme wa jina la Ramses, takribani kati ya karne ya 13 na ya 12 kabla ya Kristo (KK). Pamoja na ukongwe huo, wanaoifahamu nje ya vyuo ni wachache. Katika vitabu vinavyoeleza fasihi ya Misri ya kale, nafasi kubwa hupewa kisa cha Sinuhe aliyekimbilia ugenini, au kile cha baharia aliyevunjikiwa na chombo, na hadithi ya Nebusemekh huwekwa nyuma, kwa aya chache, kama kioja kilichokosa mwanzo na mwisho. Ni kweli kwamba mwanzo na mwisho wake havipo. Lakini sehemu ya kati iliyobaki inatosha kuonyesha kuwa mtunzi wake alikuwa na jambo zito la kusema kuhusu deni ambalo walio hai wanadaiwa na wafu, na kuhusu ahadi zinazotolewa makaburini kisha zikasahauliwa.

Hadithi hii haikuwafikia wasomi wa sasa ikiwa katika gombo la mafunjo. Iliwafikia ikiwa juu ya vigae, yaani vipande vya vyungu na mitungi iliyovunjika, ambavyo wataalamu huviita ostraka. Mafunjo, ambayo ni karatasi iliyotengenezwa kwa mashina ya mmea wa jina hilohilo unaoota kando ya maji, yalikuwa bidhaa yenye bei, ilhali kigae kiliweza kuokotwa popote bila malipo, na kwa hiyo waandishi wa kale walikitumia kwa hesabu za posho, barua fupi, stakabadhi, mazoezi ya wanafunzi na hata kunakili hadithi. Waliandika kwa wino na kalamu ya unyasi, kwa mwandiko uitwao hieratiki, ambao ni namna ya kuandika kwa haraka alama za hieroglifu, yaani zile picha zilizochongwa kwenye kuta za mahekalu na makaburi.

Hakuna mahali palipotoa vigae vya namna hiyo kwa wingi kama kijiji kinachojulikana leo kwa jina la Kiarabu la Deir el-Medina, katika ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na Luxor, mji ambao katika vitabu vya historia huitwa Thebes. Kijiji hicho, ambacho ndicho kinachohusishwa na vigae vya hadithi hii, kilikaliwa kwa takribani miaka 400 na mafundi waliochimba, kuchonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme, pamoja na wake zao na watoto wao. Waliojua kusoma na kuandika walikuwa wengi kuliko ilivyokuwa kawaida ya zama zile, kwa sababu kazi yenyewe ilidai watu wanaoweza kufuata maandishi ya ukutani bila kukosea. Nje ya kijiji walichimba shimo kubwa, inaelekea wakitafuta maji, na walipoyakosa wakaligeuza jalala. Humo mwanaakiolojia Mfaransa Bernard Bruyère, ambaye kazi yake kijijini hapo ilianza mwaka 1922 na kufikia mwisho mwaka 1951, alitoa maelfu ya vigae vyenye maandishi. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka, kwa maana hadithi ya marehemu anayelalamikia kaburi bovu ilikuwa ikinakiliwa na kusikilizwa na watu ambao riziki yao yote ilitokana na kujenga makaburi, na ambao waliyajua madhaifu ya mwamba wa Thebes kuliko mtu yeyote.

Kupotea kwa hadithi hii kulitokea mara mbili. Kwanza kijiji kilihamwa mwishoni mwa zama za akina Ramses, na vigae vikafukiwa na mchanga na takataka. Baadaye likaja pigo kubwa zaidi, kwani mwandiko wenyewe ulisahaulika. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe yalichongwa katika hekalu la kisiwa cha Philae, kusini mwa Misri, mwaka 394 baada ya Kristo, na tangu hapo ikapita takribani miaka 1,400 ambamo hakuna mtu duniani aliyeweza kuyasoma maneno ya Wamisri wa kale, hadi Mfaransa Jean-François Champollion alipotangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Hata baada ya ufumbuzi huo, hieratiki ya vigaeni iliendelea kuwasumbua wasomi, kwa kuwa kila mwandishi alikuwa na mkono wake, wino ulikuwa umefifia, na kigae huvunjika pale kinapotaka, bila kujali sentensi inaishia wapi.

Kwa sababu hiyo vigae vya hadithi hii vilisafirishwa kabla ya kusomwa. Muda mrefu kabla ya uchimbaji wa Bruyère, wakusanyaji wa karne ya 19 walinunua mambo ya kale ya Misri kwa wingi, wakayapeleka Ulaya, na vipande vya hadithi moja vikajikuta vimetawanyika katika Makumbusho ya Florence nchini Italia, Louvre jijini Paris, na makusanyo ya kifalme jijini Vienna. Vingine viko Turin, penye jumba la makumbusho ya Misri lililoanzishwa mwaka 1824. Mrusi Vladimir Golénischeff, aliyezaliwa mwaka 1856 na ambaye pia ndiye aliyekitoa gizani kile kisa cha baharia aliyevunjikiwa na chombo, alichapisha maelezo ya maandishi ya Florence mwaka 1882. Miaka minne baadaye Ernst von Bergmann alichapisha kigae cha Vienna. Gaston Maspero, Mfaransa aliyeongoza idara ya mambo ya kale ya Misri, aliiingiza hadithi katika mkusanyo wake mashuhuri wa ngano za Misri, akiiita kipande cha kisa cha mzimu, na kwa kitendo hicho akawa ametambua kwamba vipande vilivyolala katika nchi mbalimbali vilikuwa ni kazi moja ya fasihi. Mwingereza Alan Gardiner aliyaandika upya maneno yake kwa hieroglifu katika kitabu chake cha hadithi za Kimisri cha mwaka 1932, na mwaka 1992 Mjerumani Jürgen von Beckerath akatoa uchambuzi ulioviweka vipande pamoja kwa mpangilio unaotegemewa hadi leo. Kati ya Golénischeff na Beckerath ilipita miaka 110. Kazi ya namna hii haina njia ya mkato: msomaji hulinganisha mwandiko na mwandiko, hutazama udongo na unene wa chungu, hutafuta sentensi inayojirudia katika vipande viwili, kisha hukisia ukubwa wa pengo lililobaki kabla ya kuthubutu kulijaza.

Hadithi iliyopatikana kwa jasho hilo inaanza kusomeka pale ambapo tukio la kwanza limekwisha kupita. Inaeleweka kwamba mtu mmoja ambaye jina lake halipo alilazimika kulala karibu na kaburi katika makaburi makubwa ya Thebes, akaamshwa usiku na mzimu uliokuwa ukikaa humo, na kulipokucha akaenda kumweleza Khonsuemheb, kuhani mkuu wa Amun, ambaye ndiye aliyekuwa mungu mkuu wa mji ule. Kuhani hakumfukuza mtu huyo wala hakutoa dawa ya kuzuia mizimu. Alipanda juu ya paa la nyumba yake, akaiita miungu ya mbinguni na ya duniani, ya kusini, kaskazini, magharibi na mashariki, pamoja na miungu ya kuzimu, akaisihi imletee marehemu yule mtukufu. Marehemu akaja. Kuhani akamuuliza jina lake, na la baba na mama yake, akajibiwa kuwa yeye ni Nebusemekh, mwana wa Ankhmen na wa bibi Tamshas.

Swali hilo la jina ndilo ufunguo wa mazungumzo yote yanayofuata. Wamisri wa kale waliamini kwamba mtu ana sehemu kadhaa zinazoendelea baada ya kifo: *ka*, ambayo ni nguvu ya uhai inayohitaji kulishwa kwa sadaka, *ba*, inayochorwa kama ndege mwenye kichwa cha binadamu na inayoweza kutoka kaburini na kurudi, na *akh*, hali ya marehemu aliyefanikiwa kuvuka na kuwa na uwezo katika ulimwengu wa pili, ambalo ndilo neno analoitwa Nebusemekh katika hadithi. Hali hizo zote zilitegemea mwili kuhifadhiwa, kaburi kusimama na jina kutajwa. Marehemu ambaye hakuna tena anayelijua jina lake alikuwa katika hatari ya kufa mara ya pili, na mara hii bila kubaki kitu.

Baada ya kulisikia jina, kuhani anaahidi kumjengea kaburi jipya na kumtengenezea jeneza la mti wa mkunazi lililopambwa kwa dhahabu. Hapo ndipo hadithi inapoonyesha ubora wake, kwa sababu Nebusemekh hafurahi. Anashuku. Khonsuemheb anakaa karibu naye akilia, na maneno yake yanataja kukosa chakula, maji, pumzi na mwanga wa mchana, kana kwamba anataka kuionja mwenyewe hali ya mtu aliyefungiwa ardhini. Marehemu naye anasimulia maisha yake. Alipokuwa hai alikuwa msimamizi wa hazina ya mfalme Rahotep na ofisa katika jeshi. Akafariki katika majira ya joto ya mwaka wa 14 wa mfalme Mentuhotep, na mfalme huyo akamfanyia maziko ya heshima, akampa mitungi minne ya kuhifadhia viungo vya ndani ya mwili, jeneza la jiwe la alabasta, na kaburi lenye shimo la wima la dhiraa kumi, yaani kama mita tano. Lakini karne zimepita, ardhi imeporomoka, na sasa upepo unaingia hadi katika chumba alicholazwa. Wako wengine waliokuja kabla ya kuhani huyu, wakaahidi kulijenga upya, na hakuna aliyetimiza.

Khonsuemheb anajibu kwa kuongeza ahadi juu ya ahadi. Atafanya lolote atakaloambiwa, na atawatuma watumishi kumi wa nyumba yake wapeleke sadaka kaburini kila siku. Mzimu unamwambia kwamba jambo hilo halina faida. Wachambuzi wengi hupita haraka hapa, na kufanya hivyo ni kuikosea hadithi, maana jibu hilo linagusa moyo wa dini ya mazishi ya Kimisri. Matajiri wa Misri walikuwa wakitenga mashamba na mapato ili makuhani maalumu, walioitwa watumishi wa ka, wayahudumie makaburi yao milele. Na uzoefu wa kila mtu ulionyesha kuwa baada ya vizazi vichache mapato yaliingia katika matumizi mengine na watumishi wakatawanyika. Nebusemekh amekwisha kuyaona hayo. Anachodai ni ukuta usiopitisha upepo, kwa kuwa chakula kinacholetwa na watu hukoma siku watu wanapokoma kuja.

Baada ya pengo jingine, kisa kinaendelea na watu watatu waliotumwa na kuhani kutafuta mahali panapofaa. Wanapapata Deir el-Bahari, karibu na barabara ya maandamano inayoelekea hekalu la maziko la mfalme Mentuhotep wa Pili, hekalu ambalo magofu yake yanaonekana hadi leo pembeni mwa lile la malkia Hatshepsut. Wanarudi Karnak, penye hekalu la Amun, wanamkuta Khonsuemheb katika huduma, wanampa habari. Naye kwa furaha anamjulisha Menkau, naibu wa mali za Amun, mpango wake. Maandishi yanakatika hapo.

Mtunzi hakuwa akiandika historia. Rahotep anayejulikana kwa wanahistoria alitawala karne kadhaa baada ya Mentuhotep wa Pili, kwa hiyo mtu hawezi kumtumikia wa kwanza kisha akazikwa na wa pili, isipokuwa mtunzi alimaanisha Mentuhotep mwingine au aliyachanganya majina ya wafalme wa zamani, kama wasimulizi wafanyavyo wanapotaka msikilizaji ajue tu kwamba mambo yalitokea zamani sana. Mazingira, hata hivyo, aliyajua vizuri. Hati inayoitwa Mafunjo ya Abbott, iliyoandikwa katika mwaka wa 16 wa Ramses wa Tisa, inaeleza jinsi tume ya serikali ilivyokagua makaburi kumi ya wafalme wa kale ng'ambo ya magharibi ya Thebes, ikalikuta la Mentuhotep wa Pili likiwa salama, na la mfalme Sobekemsaf likiwa limevunjwa na wezi. Katika miaka hiyohiyo baadhi ya wafanyakazi wa makaburi ya kifalme walishtakiwa kwa wizi. Kwa hiyo msikilizaji wa hadithi hii hakuhitaji kubuni picha ya kaburi lililobomoka au lililoibiwa, kwa sababu alilipita akienda kazini, na pengine alimfahamu aliyelivunja.

Wala kuzungumza na marehemu hakukuwa jambo la hadithini pekee. Wamisri waliwaandikia wafu wao barua, wakiomba msaada au wakilalamika. Barua mojawapo iliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi, ni ya mjane wa kiume anayemshitaki mkewe marehemu kwa kumsumbua, akimkumbusha jinsi alivyomtunza alipougua na jinsi alivyomlilia. Nyingine, ya mwandishi Butehamun wa Thebes, inaliambia jeneza la mkewe lifikishe ujumbe wake. Ukizisoma barua hizo pamoja na hadithi, machozi ya Khonsuemheb hayaonekani tena kuwa ya ajabu. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtunzi alimpa marehemu nafasi ya kujibu, tena kumjibu mtu mwenye cheo kikubwa kabisa cha dini, na kumwambia waziwazi kwamba maneno yake hayaaminiki.

Hadithi za mizimu zilizokuja kuwa maarufu Ulaya zilichelewa sana kuliko hii. Plinius Mdogo, Mroma aliyeandika karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, anasimulia katika barua yake kisa cha nyumba ya Athens iliyokuwa na mzimu wa minyororo, hadi mwanafalsafa Athenodorus alipoufuata na kuonyeshwa mifupa iliyohitaji kuzikwa. Baadaye kidogo Lucian, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia kisa kinachofanana nacho, cha mji wa Corinth, na ndani yake mtu anayeushinda mzimu anatumia vitabu vya Kimisri na lugha ya Kimisri. Lucian alikuwa akiwadhihaki watu wanaoamini upuuzi, lakini hata dhihaka yake inaonyesha kwamba kwa wasomaji wake Misri ndiyo iliyokuwa na sifa ya kujua namna ya kusema na wafu. Tofauti ni kubwa: Mroma na mwandishi huyo wa Kigiriki wanaanza na hofu ya walio hai ndani ya nyumba yao, ilhali Mmisri anaanza na shida ya marehemu ndani ya nyumba yake.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki mtazamo huo wa Mmisri si mgeni. Miongoni mwa Wamijikenda wa Kenya, hasa Wagiriama, mzee aliyekuwa katika chama cha heshima kiitwacho Gohu husimikiwa kigango, yaani nguzo ya mbao iliyochongwa kwa kumwakilisha, na mara nyingi hufanyika hivyo baada ya marehemu kumtokea jamaa yake ndotoni au baada ya ukoo kuandamwa na maradhi na nuksi, ishara ya kwamba anadai haki yake. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, hata vikaingia katika makumbusho ya Marekani, na viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007 baada ya juhudi za watafiti na familia. Hakuna sababu ya kudai kwamba Wamijikenda walipokea mila hiyo Misri, na kila jamii ina njia yake ya kufikia fikra. Lakini anayekijua kigango hahitaji kuelezwa kwa nini Nebusemekh anakataa vyakula vya kila siku kabla ya kujengewa makao.

Katika kijiji hichohicho cha mafundi wa makaburi palihifadhiwa pia gombo linaloitwa Mafunjo ya Chester Beatty ya Nne, ambamo kuna sifa za waandishi wa kale. Hoja yake ni kwamba makaburi ya wenye busara hao yamesahaulika na watumishi wao wa ka wametoweka, bali majina yao yangali yakitajwa kwa sababu ya vitabu walivyoviacha. Ni hoja nzito kutoka kwa watu walioishi kwa kujenga makaburi, na hadithi ya Nebusemekh yaelekea imetoka katika akili ileile. Haimdhihaki kuhani, kwa maana machozi yake ni ya kweli na watumishi wake wanakwenda kutafuta mahali. Lakini inamwacha msomaji akijua kwamba hata ahadi ya mtu mkuu kabisa wa Thebes ilikuja baada ya mfululizo wa ahadi zilizokwisha kuvunjwa.

Vigae vya Deir el-Medina bado vinaendelea kuchapishwa kidogo kidogo, vikiwemo vile vya Taasisi ya Ufaransa ya Akiolojia ya Mashariki iliyoko Cairo, kwa hiyo upo uwezekano wa kweli kwamba mistari mingine ya hadithi hii itatambuliwa. Wakati huo ukisubiriwa, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinavyofundisha fasihi ya Kiafrika vingefanya jambo jema kuiweka katika mitaala yao pamoja na za Sinuhe na baharia, na kuwaandaa vijana wachache wanaoweza kuzisoma kwa Kimisri chenyewe na kuzitafsiri kwa Kiswahili moja kwa moja, badala ya kuzipokea kupitia Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Wachapishaji wenye nia ya kuwapa vijana hadithi za mizimu nao wanayo hapa moja ya Kiafrika, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, ambayo haina mwenye haki miliki wa kulipwa.